Usiiuze kamera kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, sina la kulalamika. Nakuandikia mbiombio kwa sababu shemeji ameniambia unatafuta mnunuzi wa kamera, eti haioni rangi. Tafadhali subiri kwanza!

Zile picha za machweo ulizonitumia nimezitazama tena na tena. Anga imepauka, jua limekuwa duara jeupe tupu. Lakini kamera ni nzima. Umeiachia iamue kila kitu, na otomatiki kazi yake ni kusawazisha: ikiona wekundu umezidi, hudhani taa ndiyo inayopotosha rangi, basi huupunguza. Sebuleni inakusaidia. Kwenye machweo inakuibia kile kile ulichokifuata.

Ingia sehemu ya waiti balansi, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, ile yenye vijipicha vya jua, wingu na nyumba. Chagua jua, au wingu ukitaka rangi ikolee zaidi. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, la kwanza ni kama 5,200, la pili kama 6,000. Ukipiga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalikamilisha, unaweza kubadilisha hata baadaye, ila mimi ningechagua palepale, mbingu yenyewe ikiwa mbele yangu ya kulinganishia.

Sasa mwangaza, na hapa nisikilize vizuri. Ukipimia kwenye jua, picha yote inazama gizani. Ukipimia ardhini, anga inaungua, yaani inapoteza rangi kwa mwanga kuzidi. Elekeza lenzi kwenye anga pembeni mwa jua, jua lenyewe likiwa nje ya picha, funga kipimo cha mwanga kisibadilike, ndipo urudi kupanga picha yako. Kisha tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushuke hadi −1. Fungua histogramu ya rangi tatu, ule mchoro wa mwangaza unaoanza na giza kushoto na kuishia na mwanga kulia, tazama nyekundu peke yake. Ikibanana ukutani upande wa kulia, shuka tena. Nyekundu ndiyo huungua kwanza wakati huo, na ikishaungua, rangi ya chungwa inageuka njano bapa ambayo hakuna programu itakayoiokoa.

Mengine ni mepesi: ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, spidi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ijipange yenyewe. Giza likiingia itashuka hata sekunde nzima, kwa hiyo stendi ni lazima. Na jua likiwa kali usilichungulie kwa jicho kupitia lenzi, hasa ile ndefu. Tumia skrini ya nyuma. Macho hayana spea.

Halafu kuna hili linaloniuma: picha zako zote zinakoma jua linapozama. Mbona unafungasha mapema hivyo? Mawingu ya juu bado yanapigwa na mwanga kutoka chini ya upeo, na mara nyingi rangi hukolea dakika 10 hadi 20 baadaye. Alfajiri ni kinyume, rangi hulitangulia jua, kwa hiyo uwe umeshasimamisha stendi nusu saa kabla. Ila ukiiacha kwenye otomatiki, hata hayo mawingu yatatoka yamepauka vilevile. Ndiyo maana narudia.

Sasa niambie: huyo mnunuzi ameshatoa pesa? Siku ile kulikuwa na mawingu, au anga ilikuwa tupu? Unapiga JPEG peke yake, picha ambazo kamera imeshazikamilisha, bila RAW? Stendi ya dada bado iko kwako? Na utanipigia hata picha moja tu kwa kijipicha cha wingu, kabla hujaamua lolote?

Wako daima