Wanafunzi wa afya wafundishwe gharama ya kipimo kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wakuu wa vyuo vya afya, hasa vya hapa Dar es Salaam. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Nina maabara ndogo Mbagala, na kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wazuri. Mpe slaidi ya malaria, ataisoma bila wasiwasi, atahesabu vimelea na kuandika majibu kwa mwandiko unaosomeka. Kisha muulize kipimo hicho kimegharimu shilingi ngapi. Atakutajia bei iliyobandikwa ukutani. Hiyo ndiyo anayolipa mgonjwa. Gharama yenyewe haijui, na chuoni hakuna aliyemuuliza.

Nieleze kwa mfano. Tuseme kopo la kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, linauzwa 120,000 na maelezo yake yanasema linatosha vipimo 100. Kijana anagawanya haraka: 1,200 kwa kipimo. Nikiuza 3,000 nimepata. Sasa soma maandishi madogo: kopo likishafunguliwa linadumu siku 30. Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, unapima sampuli ya kudhibiti ubora ili ujue mashine haidanganyi. Hapo vimeshakwenda vipimo 30. Katika mwezi huo wamekuja wagonjwa 40. Vipimo 30 vilivyobaki unavimwaga, muda umekwisha. Kwa hiyo 120,000 imebebwa na watu 40, yaani 3,000 kila mmoja, na bado hujahesabu glavu, sindano, luku ya jokofu lisilozimwa usiku wala mchana, mshahara, kodi ya fremu na anayekuja kuchukua taka hatarishi. Kwa bei ile ya ukutani unafanya kazi kwa hasara, na kijana amekaa nami wiki kadhaa akiamini tunatengeneza faida.

Najua baadhi ya vyuo vina somo la ujasiriamali. Wanafunzi wamenionyesha noti zao: maana ya mjasiriamali, sifa za mjasiriamali, aina za masoko. Mmoja aliandika mpango wa biashara wa kufuga kuku na akapewa alama nzuri. Sina neno na kuku. Lakini huyu ni mtu aliyesomea damu na mkojo. Kwa nini mpango wake usiwe wa maabara, wa mwenzake wa famasi uwe wa duka la dawa, na wa yule wa mazoezi ya viungo uwe wa kliniki ya kuhudumia waliopata kiharusi mtaani kwao?

Nadhani chanzo ni historia. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi zinazofanya biashara, na mlango haukufunguliwa tena hadi 1991. Walimu wengi wa walimu wetu walisoma wakati mwajiri ni mmoja, Serikali, na hesabu za vifaa ni kazi ya bohari. Mitaala ikarithi mtazamo huo. Leo kijana anamaliza diploma, anatuma maombi kwenye mfumo wa ajira, anakwenda kujitolea kituo cha afya kwa nauli tu, anasubiri. Akichoka, anajichanga na wenzake, wanapanga fremu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Hapo ndipo wanajifunza, na tayari fedha imeshaingia, kwamba kuna BRELA ya kusajili biashara, kuna TRA ya kodi ya Serikali, kuna leseni ya manispaa, na kuna Bodi ya Maabara Binafsi yenye masharti yake kuhusu chumba, maji na mtaalamu msimamizi. Kodi inakatika huku wanahangaikia vibali. Mtaji ukipungua wanakimbilia kausha damu, mikopo ya riba kubwa ya mtaani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana, lakini inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa na vyenye mradi ulioandikwa. Kuandika mradi huo ndiko ambako wangefundishwa chuoni.

Wapo watakaosema tunataka kuwafundisha watoto kupenda pesa kuliko wagonjwa. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo hasa inayonifanya niandike. Mtu asiyejua gharama zake hupanga bei kwa kumwangalia jirani, halafu mwezi ukimbana anatafuta pa kufidia. Anafidia kwa mgonjwa. Mama ameleta mtoto mwenye homa, anaandikiwa vipimo vya malaria, mkojo, choo na juu yake Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Sisi wa maabara tunajua Widal peke yake haithibitishi taifodi. Inapima kinga za mwili, na kinga hizo zaweza kuwa za maambukizi ya zamani. Mtoto anaondoka na antibayotiki asizozihitaji, mama ameacha hela ya chakula mezani kwetu, na usugu wa dawa unaongezeka. Nimeyaona haya kwa wataalamu wenye mikono safi na roho nzuri, ambao tatizo lao lilianzia kwenye daftari la hesabu.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Katika fildi ya mwaka wa mwisho, mwanafunzi akae wiki mbili na vitabu vya mwenye kituo: manunuzi, stoo, vitu vilivyoisha muda, madai ya bima na tarehe yalipolipwa. Atoke na gharama halisi ya huduma tatu alizozifanya kwa mkono wake, na apimwe kwa hilo kama anavyopimwa kwa kuchoma sindano. Anayefundisha awe amewahi kulipa mshahara wa mtu. Na maadili yafundishwe katika kipindi hicho hicho, bei na kiapo vikiwa mezani pamoja.

Wenzangu wenye zahanati na maabara, najua hatupendi kufungua vitabu vyetu mbele ya wageni. Tuvifungue. Kwangu nitapokea wanafunzi wawili kwa kila msimu wa fildi kwa utaratibu huu, bila kukidai chuo malipo, na chuo kikiniletea fomu ya tathmini nitaijaza.

Mteknolojia wa Maabara,
Mbagala, Dar es Salaam