Kabla hamjamuuzia kijana saundi kadi, muulizeni hedifoni yake inachomekwa wapi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na naona linazidi kuenea hapa mjini Mombasa. Vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta wameongezeka sana, Kisauni, Majengo, Likoni, kila mtaa una watu wanaojiundia mashine zao kidogo kidogo, leo ram, mwezi ujao grafiksi kadi (ile kadi ya picha), na ni jambo la kuwapongeza kwa sababu pesa yenyewe wengi wanaitafuta kwa jasho. Sasa mashine ikishasimama kijana anaenda dukani kuulizia mambo ya sauti, anaambiwa ile sauti ya madabodi, yaani ya bodi kuu ya kompyuta, haifai kitu, ukitaka kusikia adui anakotokea lazima uwe na saundi kadi, kadi ya ziada ya sauti inayochomekwa ndani ya mashine, na tena ati gemu yenyewe itaenda mbio zaidi. Anatoa maelfu ya shilingi. Mimi ni fundi, hizo mashine naletewa mimi baadaye, na nasema wazi kwamba wengi wao hawakuihitaji hiyo kadi.

Haya maneno hayakuzuka tu, zamani yalikuwa kweli. Kompyuta za miaka ya themanini nyingi zilikuwa na kispika kidogo cha kulia pii pii na basi, ukitaka muziki kwenye gemu sharti ununue kadi, na Sound Blaster ya kwanza ya Creative, kampuni ya Singapore, ilitoka 1989 ikashika soko. Halafu Intel wakaleta AC'97 mwaka 1997, kanuni zao za jinsi ya kutengeneza sauti ya kompyuta, viwanda vya madabodi vikaanza kuweka sauti palepale kwenye bodi, na mwanzoni zilikuwa sauti hafifu kweli, zina mvumo, hilo silikatai. 2004 ikaja HD Audio, kanuni mpya za Intel, mambo yakawa mengine. Kisha Windows Vista, iliyofika madukani 2007, ikaikata ile njia ambayo gemu ilikuwa ikipitia kuipa kadi kazi ya kuchanganya sauti, yale mambo ya EAX, miangwi ya sauti ya Creative, ambayo wakongwe wanayakumbuka. Tangu hapo hesabu za sauti kwenye gemu nyingi za Windows zinafanywa na prosesa, na kwa prosesa za leo hiyo ni kazi ndogo mno. Kwa hivyo anayekwambia kadi itakuongezea fremu, yaani picha kwa sekunde, anakupa habari iliyopitwa na wakati.

Na huyo adui wa kusikika anakotokea je? Hapo ndipo watu wanapotatizika zaidi. Sauti ikitokea upande wa kulia, sikio la kulia linaipata mapema kidogo na ikiwa na nguvu, la kushoto linaipata imechelewa kidogo tena imezibwazibwa na kichwa chako mwenyewe, na ubongo unatumia tofauti hiyo kujua upande. Gemu kama Counter-Strike 2 na Valorant zinayaigiza hayo zenyewe, uigizaji huo unaitwa HRTF, na kwenye setingi za Valorant utauona kwa jina hilo. Kinachotoka mwisho ni sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia, na chipu yoyote ya madabodi ya siku hizi inaibeba bila shida. Chipu za Realtek za daraja la juu kama ALC1220 kiwanda chenyewe kinaandika desibeli 120 upande wa kutoa sauti, yaani sauti ilivyo juu ya mvumo wa chipu, wakati CD unayoisikiliza nyumbani inaishia kama 96, sasa wewe uliye na feni juu ya kichwa na tuktuk zapita dirishani hiyo tofauti utaisikia wapi?

Wanachoharibu wengi ni kuwasha kila kitu pamoja. Gemu imewashwa HRTF, programu ya hedifoni imewekwa 7.1 (kuigiza spika nane), na Windows nayo imewashiwa uigizaji wake, sauti inapikwa mara tatu inatoka imevurugika, nyayo za nyuma zinasikika kama ziko mbele. Ukiwasha ya gemu, zima zile nyingine zote, weka stirio. Hiyo haigharimu hata ndururu.

Lililonifanya niandike ni hili. Kijana mmoja aliniletea mashine akilalamika kwamba kadi yake mpya haina tofauti yoyote, sauti ni ileile. Nikafungua, kadi imekaa vizuri kwenye slot, draiva zimeingia, hakuna kasoro. Nikamuuliza hedifoni iko wapi, akaitoa kwenye begi, ni ya USB! Jamani, hedifoni ya USB ina chipu yake ya sauti humohumo ndani, ikichomekwa ndiyo inayofanya kazi yote na saundi kadi inapitwa kabisa, haiguswi. Ni hivyohivyo kwa zile zisizo na waya zinazokuja na kijiti chao cha USB. Huyu kijana alikuwa ameivaa hiyo hedifoni shingoni siku aliponunua, muuzaji akaiona, na bado akamuuzia. Sitalitaja duka, lakini nilikasirika na hasira hazijaisha, manake alirudi kuomba arudishiwe pesa akaambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudi.

Kuna wale ambao shida yao ni ya kweli, wanasikia kelele. Hawa nawaelewa. Unavaa hedifoni, gemu imetulia, unasikia kama mbu analia kwa mbali, ukisogeza mausi mlio unabadilika, ukifungua ramani unapanda. Huo ni umeme wa grafiksi kadi na vitu vingine unaingia kwenye njia ya sauti. Jambo la kwanza, toa hedifoni kwenye tundu la mbele ya kesi uchomeke la nyuma, lile la kijani lililo kwenye bodi moja kwa moja, kwa sababu tundu la mbele linaungwa kwa waya mwembamba unaokatiza kesi nzima na mara nyingi unapita jirani na grafiksi kadi ukiokota kila uchafu njiani. Mashine ninazoletewa nyingi zinaponea hapo. Isipokoma, nunua kijiti cha USB cha sauti, kile kidogo chenye tundu la hedifoni, bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kadi na sauti inatengenezwa nje ya kesi, mbali na vurugu. Saundi kadi yenyewe inachomekwa mlemle ndani, jirani na grafiksi kadi ileile inayopiga kelele, ingawa za bei zina kifuniko cha chuma cha kuikinga.

Na umeme wa nyumba zetu usisahaulike. Mwenye laptop ajaribu hivi, akisikia mvumo achomoe chaja ukutani abaki na betri, mvumo ukinyamaza basi saundi kadi si dawa yake. Nyumba nyingi za kupanga hapa soketi ina matundu matatu lakini ndani waya wa athi haujaungwa popote, ukigusa kesi ya chuma bila viatu unahisi kama mchwa wanakutembelea vidoleni. Hiyo ni hatari ya mwili kabla hata ya kuwa shida ya sauti, mwite fundi wa umeme aipime. Wenye nyumba nao waache kupaka rangi tu kila mpangaji akihama, waangalie na hizo waya.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Wanaokaa Nyali, Mji wa Kale, Likoni karibu na maji, lile tundu la hedifoni linashika kutu ya kijani kwa ndani, sikio moja linakatika katika na mtu anafikiri chipu imekufa. Zima mashine, ingiza pamba nyembamba iliyotiwa spiriti, zungusha polepole, acha ikauke vizuri. Nimeona watu waliokwisha tenga pesa ya kadi wakaondoka na sauti yao safi kwa pamba tu.

Sisemi kadi hazina mwenyewe. Mtu akiwa na hedifoni za studio zinazotaka nguvu nyingi, zenye ohm (ukinzani wa umeme) za juu, kwa mfano Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250 au Sennheiser HD 600 za ohm 300, madabodi nyingi hazina nguvu za kuzisukuma, sauti inatoka ndogo hata ukiweka mia kwa mia, huyo atafute kadi yenye amplifaya au kisanduku cha nje. Na wenye mashine zile ndogo zinazotoka Uingereza zimeshatumika waangalie slot kabla ya kulipa, kadi za zamani za PCI haziingii kwenye PCI Express, na kesi nyembamba inataka kadi fupi.

Wengine wote, pesa hiyo wekeni kwenye hedifoni nzuri ya waya. Za bluetooth kwa gemu za kupigana sizishauri, risasi unaiona kwanza ndio unaisikia, na kwenye kompyuta nyingi ukiwasha maiki yake sauti yote inashuka inakuwa ya simu.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya Moi Avenue na Digo Road. Wekeni mashine moja pale mbele, mteja aje na hedifoni yake asikilize kwanza sauti ya madabodi kisha ya kadi, na anayesema hasikii tofauti mwacheni aende na pesa yake akanunue kitu kingine kwenu. Na wewe Mhariri, ikiwezekana mruhusu mafundi tujibu maswali ya wasomaji kwenye ukurasa wa teknolojia, maswali yapo mengi, mimi niko tayari kuandika bila malipo.

Fundi wa kompyuta,
Majengo, Mombasa