Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Makumbusho ya Mtaa, Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua kwamba tusipokee kitu chochote kabla ya kuandika habari zake. Uamuzi huo umeleta manung'uniko, kwani watu hufika na vitu walivyoachiwa na wazazi wao wakaambiwa waketi kwanza, waulizwe. Kamati inauunga mkono bila kusita. Taa ya karabai isiyojulikana aliyeibeba ni bati tu. Ikijulikana namba ya kazi ya mwenyewe, kambi aliyokaa na mwaka alioacha kazi, inaeleza mji huu uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba.

Karatasi ya mapokezi ina ukurasa mmoja: jina la kitu kama mwenyewe anavyoliita, kilitoka kwa nani na wapi, kilitumikaje, na nani ameruhusu kionyeshwe. Namba ya kitu haibandikwi kwa karatasi ya gundi, maana gundi hukauka, karatasi ikaanguka, na kilichobaki ni doa. Kwenye mti na chuma tunapaka vanishi angavu inayoweza kuondolewa, tunaandika namba kwa wino, tunapaka tena juu yake. Kwenye nguo tunashona utepe wa pamba. Nyuma ya picha tunaandika kwa penseli laini ya 2B, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kioo ili maandishi yasijichore upande wa mbele.

Swali la tarehe ndilo lililotusumbua zaidi. Ukimuuliza mzee jambo lilitokea mwaka gani, atakutajia mwaka wowote kwa heshima. Tumebadilisha: tunauliza kama lilikuwa kabla au baada ya tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Kujitenga kwa Katanga kulianza Julai 1960 kukaisha Januari 1963. Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Wageni walinyang'anywa biashara kuanzia Novemba 1973, vita vya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati huo) vikaja mwaka 1977 na 1978, na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, aliyempindua Mobutu, yakaingia mjini Aprili 1997. Kwa vigingi hivyo tarehe nyingi zinakaa ndani ya miaka miwili au mitatu, na inatosha.

Kuna jingine ambalo lazima liandikwe juu ya kila karatasi: msimulizi alishuhudia, au alisimuliwa? Wagomaji wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba wakati wa Wabelgiji, walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini tarehe 9 Desemba 1941. Tunayoyasikia leo yanatoka kwa watoto na wajukuu wao. Ushuhuda wa aina hiyo una thamani yake, lakini usichanganywe na wa aliyeona kwa macho.

Sauti tunazirekodi katika faili za WAV, kilohezi 48, biti 24, mkondo mmoja. Saa moja hula karibu megabaiti 520. Simu iwe katika hali ya ndege na ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, kwa sababu meza hupokea kila kishindo cha kikombe. Tuepuke vyumba vya bati wakati wa mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi, mahojiano yafanywe asubuhi. Na kazi ya kuandika neno kwa neno msiidharau: saa moja ya sauti hutaka saa sita hadi nane za kusikiliza na kuandika.

Hapa naomba vijana wanaoandika wanisikilize vizuri. Msisahihishe Kiswahili cha wazee. Mwaka huu, mama mmoja alisema juu ya baba yake na wenzake, «balitumika ku Union Minière». Mwandishi, kwa nia njema, akaweka Kiswahili cha shuleni: «walitumiwa na Union Minière». Kwetu Katanga kutumika ni kufanya kazi. Mama alikuwa anaeleza ajira kwa fahari. Karatasi ikasema kwamba baba yake alitumiwa kama chombo. Herufi mbili tatu zimegeuza ushuhuda mzima. Tangu hapo maandishi yanabaki kama yalivyosemwa, na maelezo kwa wasomaji wa mbali yanawekwa pembeni.

Picha za familia zinakuja nyingi katika zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu. Gundi hiyo huzidi kushika kadiri miaka inavyopita, na anayevuta picha kwa kona huipasua. Kwanza piga skani ukurasa mzima ukiwa hivyo ulivyo. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama unayekata sabuni. Ikikataa, iache. Tunapiga skani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inatoa faili ya TIFF ya megabaiti 25 hivi, yaani picha elfu moja ni gigabaiti 25.

Misalaba ya shaba, ile iliyotumika zamani kama fedha, bado inaletwa, mingine ya kweli na mingine iliyoyeyushwa juzi kwa ajili ya soko. Ule wa zamani ulimiminwa katika kalibu iliyo wazi, kwa hiyo pande zake mbili hazifanani: uliotazama hewa una mikunjo na vitundu, wa chini umechukua sura ya udongo. Ukiona pande mbili sawasawa na kingo kali, uliza zaidi. Tafadhali, nyumbani msiisugue kwa ndimu na majivu. Ule ukijani mgumu ndio ngozi yake. Cha kuogopa ni unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukifutwa: hiyo ni chumvi inayokula shaba, na chanzo kimojawapo ni jasho la mikono yetu. Msalaba kama huo tunaufungia katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, gramu 20 kwa kila lita ya ndoo. Tunanunua ya rangi ya chungwa, si ya bluu, kwa sababu bluu hiyo ni kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu.

Wadudu wa mti ndio walioturudisha nyuma. Friza inaua bungua, mdudu anayetoboa mti, ikiwa kitu kimefungwa vizuri katika nailoni na kukaa wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ulikatika siku ya tano, ukarudi kesho yake, na hesabu ikabidi ianze upya, kwa kuwa mdudu aliyepoa polepole huzoea baridi. Sasa tunatumia jua pia: kitu kinazungushiwa kitambaa cha pamba, kinafungwa katika nailoni, kinawekwa ndani ya sanduku jeusi mpaka kipimajoto cha katikati kifike nyuzi 55. Kazi hiyo ni ya Septemba na Oktoba. Juni na Julai jua letu halitoshi. Vitu vyenye rangi, nta au gundi visiguswe na njia hii.

Sanduku la mashule limezunguka vizuri. Lina jiwe la malakaiti, yaani madini ya kijani yenye shaba, waya wa shaba na nakala ya kadi ya posho. Vilivyopotea vilipotea pale ambapo darasa zima lilizunguka meza moja. Watoto wanane kwa meza ndio kikomo. Picha ya yaliyomo sasa imebandikwa ndani ya kifuniko.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mtapigia kura jambo moja: jenereta au diski mbili za kuhifadhia. Mimi napendekeza diski. Moja ikae kwa katibu katika komine (sehemu ya mji) nyingine, ya pili kwa mwanachama wetu wa mji wa Likasi, kwa sababu leo sauti zote ziko katika kompyuta moja, chini ya paa moja linalovuja.

Kazi ya jua itaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa mbili asubuhi. Kila mmoja alete shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa kwa maji matupu.