Niandikieni kwa risiti hii koili ni gani

Kwa Mhariri,

Mimi huuza mboga. Nanunua Marikiti alfajiri napelekea wenye vihoteli vya Upper Hill na Hurlingham, na gari yangu ni Probox ya injini ya 1NZ ambayo sisemi imetembea kilomita ngapi juu mtanicheka. Naandika kuhusu koili, kale kadude kanakaa juu ya plagi kuipa stima ya kuruka cheche, kila silinda na yake. Najua saa hii gazeti limejaa siasa lakini nipeni nafasi kidogo, manake hii kitu imekula pesa yangu na sidhani ni mimi peke yangu, simama tu Jogoo Road jioni usikilize magari vile yanapita, utasikia ile inamisi, yaani silinda moja inakosa kuchoma, pu-pu-pu, kama mtu anatembea akikohoa.

Yangu ilianza mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Ukisimama kwa taa za barabarani inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, ukipanda Valley Road na magunia mawili ya waru nyuma inakataa kabisa, unakanyaga mafuta unapata kelele tu, matatu inakupigia honi huko nyuma na makanga ametoa kichwa dirishani anakutusi. Taa ya injini ikawaka. Siku ya pili ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, nami nikadhani afadhali hivyo kuliko ikiwaka moja kwa moja, kumbe ni kinyume. Ile ya kupepesa ndio mbaya. Ni gari inakwambia petroli haichomeki kwa silinda, inatoka mbichi inaenda kuchomekea huko kwa ekzosi, ndani ya katalitiki, ile ya kusafisha moshi, na katalitiki ikiyeyuka bei yake usiulize. Ningejua ningeegesha. Sikujua, nikaendelea kupeleka sukuma wiki.

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua vizuri. Alisikiliza kidogo akasema, "Mathe, hizo ni koili. Nunua nne mpya." Nikamuuliza ni gani imekufa kati ya hizo nne. Akaniambia zikianza kufa huwa zinafuatana. Nilikua na pesa ya moja.

Nikashuka Kirinyaga Road, huko wengi bado wanaita Grogan. Kwa duka fulani kijana wa kaunta, sijui hata kama aliinua macho kutoka kwa simu, akaniuliza, "Koili ya Probox? Unataka ya ngapi?"

Mhariri, hilo swali ndio limenifanya niandike hii barua. Hakuuliza injini gani, hakuuliza namba, hakusema lete ile ya zamani tulinganishe. Unataka ya ngapi. Hata kwa bucha wanakuuliza kwanza ni nyama ya kuchoma ama ya kuchemsha.

Akanipangia tatu juu ya kaunta, ya elfu moja mia tano, ya elfu mbili mia tano, na ya elfu sita. Boksi zote tatu zina jina moja la Denso, ile kampuni ya Japan ya spea. Nikamuuliza tofauti ni nini, akasema hii ni orijino, hii ni jenuini, na hii sasa ndio orijino kabisa. Nikalipa ile ya katikati na M-Pesa, vile sisi tusiojua hufanya, unachukua ya katikati ukidhani umekwepa hasara pande zote mbili. Risiti imeandikwa "koili 1, 2,500/=" basi, na chini kumechapishwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Na akaniongezea kwa mdomo, vitu vya stima hazina waranti.

Ilifanya kazi wiki mbili na siku chache.

Hapo ndio nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza mwanzo. Mpwa wangu ako na kale kadude ka bluetooth unachomeka chini ya usukani, halafu unasoma makosa kwa simu. Ikatoa P0302. Mimi nikasema haya, koili ya pili imekufa tena, akaniambia hapana anti, hio namba haijataja koili popote, imesema tu silinda ya pili inamisi. Inaweza kua koili, inaweza kua plagi, nozeli ya petroli, ama hata kompresheni, ile nguvu ya silinda kubana hewa. Ingekua P0352 hapo ndio kompyuta inalalamika juu ya umeme wa koili ya pili yenyewe. Sasa fikiria ni watu wangapi wamesomewa hizo namba na fundi, wakaambiwa "mashine imesema koili," wakaenda kununua.

Halafu akanionyesha kitu cha bure ambacho nashangaa fundi wa kwanza hakukifanya. Injini ikiwa imepoa unafungua na spana namba kumi, bolti moja tu kwa kila koili, unatoa ile ya silinda ya pili unaipeleka ya tatu, na ya tatu unairudisha ya pili. Unafuta makosa kwa simu, unaendesha kidogo, unasoma tena. Kosa likihama liwe P0303, basi koili ndio mgonjwa, imehama na ugonjwa wake. Likibaki 0302 wachana na koili, tafuta kwingine. Yetu ilihama. Dakika ishirini, na nusu yake ni mimi nikitafuta bolti iliyoanguka chini ya manifoldi.

Lakini vile tulitoa hio koili tukaona kitu kingine. Raba yake ya chini imelowa oili, imefura kama mkate ulioangukia chai. Shimo la plagi lilikua na oili imesimama. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi huko Kariobangi Light Industries, akaangalia tu akasema ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, pamoja na zile sili za kuzunguka mashimo ya plagi, zimekauka na umri, oili inapenya inashuka kwa plagi, raba ya koili inaoza, na stima badala ya kushuka kwa plagi inatafuta njia ya mkato kwa ukuta wa shimo. Ukiangalia vizuri unaona kamstari kembamba kwa raba ama kwa kauri ya plagi, kama umechora na penseli, hapo ndio cheche ilikua inapitia. Na akaniuliza kama nilioshewa injini hivi karibuni. Nilioshewa, Mhariri, ilikua wiki ya Pasaka, kijana wa kaa-woshi akaipiga presha juu hadi chini na nikamwongeza hamsini kwa kazi nzuri. Maji nayo huingia kwa hayo mashimo.

Kwa hivyo sasa niko hapa nalaumu mwenye duka na huenda koili yake iliuawa na oili yangu. Hio ndio inaniuma zaidi. Niliporudi dukani aliniambia "fundi wako ndio ameiharibu," na sikuweza kumjibu kitu, juu inawezekana, na pia inawezekana aliniuzia feki, na kwa ile risiti hakuna mtu duniani angeweza kujua ni gani kati ya hizo mbili.

Mzee alinieleza mambo ya koili kwa lugha naweza kurudia. Betri inakupa volti 12. Plagi haiwezi kuruka cheche kwa volti 12, inataka maelfu, elfu ishirini na kupanda. Koili ndio inafanya hio kazi, ndani ina waya wa kopa umezungushwa mara mbili, moja mizunguko michache na nyingine maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, stima ikikatwa ghafla kwa ile ya kwanza, ile ya pili inaruka juu. Ya 1NZ ina nyaya nne kwa soketi. Moja ni moto, moja eathi, moja kompyuta inatuma amri choma, na moja koili inarudisha jibu nimechoma. Na juu ina ka-elektroniki humo ndani, ile ya kupima na mita kama koili za zamani haikusaidii, usikubali fundi akushikie mita pale akwambie hii ni nzuri hii ni mbaya.

Plagi nazo zilikua zimeisha. Hizo za kawaida za Denso huandikwa K16R-U11, hio 11 ya mwisho ni pengo, milimita 1.1. Plagi ikichakaa pengo linapanuka, na pengo likipanuka koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi kila mara, usiku na mchana, mpaka inachoka. Kwa hivyo ukibadilisha koili ukaacha plagi za mwaka juzi umeharibu pesa. Nilibadilisha gasketi, sili na plagi zote nne kwanza, ndio nikarudi sokoni kutafuta koili moja. Moja, si nne. Hizo zingine tatu zilikua kavu na zinachoma vizuri, mzee akasema ziache mpaka ziseme zenyewe.

Safari hii nilienda na namba ya spea. Ya injini yangu ni 90919-02240, iko juu ya kichwa cha ile iliyokuja na gari. Hio ya 1ZZ, zile za Premio na Wish za zamani za 1.8, ni 90919-02239, angalia vile zimekaribiana, mtu akisoma haraka unabeba ya mwingine. Na usiseme tu "ya Vitz" juu Vitz ya lita moja haina injini ya 1NZ. Kuna duka moja nilitaja namba na yule jamaa akanyamaza kidogo, akabadilisha sauti, akaniita madam. Namba inakupa heshima, sikudanganyi.

Watu wataniambia feki unaijua kwa maandishi, kwa uzito, kwa ile spring ya ndani, kwa stika inayong'aa. Nimeshika hizo zote. Kuna zile mbaya kabisa unaziona, plastiki ina makali kwa kingo, maandishi yamepinda. Lakini anayeweza kuchapisha boksi anaweza kuchapisha stika, na mimi nikiwa nimesimama kwa kaunta na haraka ya kurudi kazini sina maabara.

Na sisemi kila kitu kisicho jenuini ni takataka. Kuna koili za kampuni zingine zinauzwa kwa jina lake mwenyewe, bila kujificha, na mtu akiamua kununua ya bei hio akijua ni nini ni haki yake. Kuna pia eks-Japan, imetolewa kwa gari iliyovunjwa, na kwangu mimi koili ya Denso iliyotumika ni afadhali mara kumi kuliko mpya ya uongo, mradi uangalie raba haijapasuka, spring haina kutu, na mwenyewe akubali uiweke hapo hapo uskize injini. Ninayo moja kwa dashibodi, ya dharura. Shida yangu si bei tofauti. Shida ni bei tatu ndani ya jina moja, na kazi ya kubahatisha umeachiwa wewe.

Sasa ombi langu. Katiba yetu kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi iko tangu 2008. Hizo ni kubwa na KEBS, wale wa viwango vya ubora, na wenzao wana kazi yao, mimi siombi msako wa siku moja wenye kamera, kesho yake kaunta ni zile zile. Naomba kitu kidogo sana kutoka kwa wenye maduka ya spea. Kwa risiti andikeni namba ya spea. Andikeni kama ni jenuini, ama ya kampuni nyingine na jina lake, ama eks-Japan. Na muandike siku ngapi naweza kurudi nayo. Hata saba. Mwenye kuuza kitu halali anapoteza wino kidogo tu hapo, na akija mtu kama mimi amesahau oili kwa shimo, fundi wa duka anaitoa anaiona raba imeoza, ananionyesha, naenda nyumbani nimenyamaza.

Na kwetu wanunuzi, wacheni hio tabia ya kutuma fundi na pesa mkononi halafu mnabaki kwa kivuli. Mimi mwenyewe nilikua nafanya hivyo. Nenda, taja namba, sema hutaki mpaka iandikwe. Maduka mawili yalikataa kuniandikia, nikatoka. La tatu mama mmoja wa makamo akaandika kila kitu bila kuuliza mara mbili, namba, neno jenuini, siku 14, akapiga muhuri. Nililipa elfu sita mia tano, na ndio, iliuma. Valley Road sasa napanda na magunia matatu.

Kabla nitoke, kijana wa hapo mlangoni akaniomba nimwachie boksi, eti ananisaidia kutupa. Nikamwambia naenda nayo. Iko nyumbani, mtoto anawekea penseli.

Mama Mboga mwenye Probox,
Umoja, Nairobi