Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye kisukari, wazazi wa watoto wetu wa sindano, na wauguzi wa kliniki mlioacha shughuli zenu za Jumamosi: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, nami sitamwingilia kazi yake. Niseme tu kwamba ada zimelipwa kwa kusuasua kama kawaida yetu. Muda wangu nitautumia kwa jambo mlilokuwa mkiniuliza mwaka mzima: habari za utafiti, ipi ya kushika na ipi ya kusubiri.

Iliyosambaa kuliko zote ni ya mwezi Juni, kwamba huko Marekani kisukari kimepata dawa ya kukiponya kabisa. Mama mmoja alinipigia simu usiku akitaka kujua kama aendelee kumnunulia mwanawe insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu. Aendelee. Kilichotangazwa ni jaribio la seli zinazotengeneza insulini, zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kisha zikaingizwa kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Watu 12 walipewa dozi kamili, na mwaka ulipotimia 10 kati yao hawakuhitaji tena sindano. Ni jambo kubwa, wala silibezi. Lakini wanaowekewa seli hizo hutumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, maana bila hizo mwili huzishambulia. Mshiriki mmoja wa jaribio alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi. Tena waliochaguliwa ni watu ambao sukari huwashuka vibaya sana bila wenyewe kuhisi dalili. Mtoto anayeendelea vizuri na sindano zake hakuwa miongoni mwao.

Habari inayotuhusu zaidi haikusambaa hata kidogo. Mwezi Julai yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, kwa watu 894 walioanza kuugua kisukari wakiwa watoto au vijana. Tumezoea kufundishwa kwamba kisukari aina ya kwanza hutokana na kinga ya mwili kulishambulia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, na ushahidi wake ni antibodi, yaani alama za shambulio hilo, zinazoonekana kwenye damu. Sasa, takriban asilimia 65 ya hao hawakuwa nazo. Wala hali yao haikufanana na aina ya pili, ambayo mwili hushindwa kuitumia vizuri insulini yake. Mmoja wa watafiti hao ni Profesa Moffat Nyirenda, ambaye kazi yake iko Entebbe, kwa jirani zetu hapo. Chanzo halisi bado kinatafutwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo habari ya mwaka, kwa sababu inaonyesha kwamba maelezo yaliyotokana na kuwapima watoto wa Ulaya na Marekani hayatoshi kuwaeleza watoto wetu.

Hapo hapo nawaonya wazazi. Asije mtu akasema, "Wangu hana antibodi, basi hiki si kisukari cha kweli, apumzike sindano." Kongosho lake halitoi insulini ya kutosha, iwe kwa sababu hii au ile. Akiacha sindano, tindikali hujaa kwenye damu, na siku chache tu zinatosha kumwondoa duniani. Dozi inabadilishwa na daktari, haibadilishwi na jirani.

Sasa mitungi. Mwaka huu kamati ilianza kuwafundisha wanachama wasio na friji namna ya kutunza insulini nyumbani, na wapo walionuna wakisema tunahatarisha maisha ya watu. Msingi wetu haukutoka hewani. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto ndani ya nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, kisha Chuo Kikuu cha Geneva kikaiweka insulini maabara kwenye joto la namna ile ile, likipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Baada ya wiki 4 nguvu yake haikupungua zaidi ya asilimia 1, sawa na iliyokaa baridini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mtungi wa udongo uliolowa maji, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto. Bibi zetu walilijua hilo kwa maji ya kunywa. Mwenye friji aendelee kuitumia. Ila insulini isiachwe juani, isisahauliwe garini, na isiwekwe kwenye friza. Ikishaganda, itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.

Kwa wenzangu wa aina ya pili: zile sindano za kupunguza uzito na sukari mnazozisikia, semaglutide na wenzake, Shirika la Afya Duniani liliziingiza Septemba kwenye orodha ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha hakuzifikishi kwenye duka la dawa la mtaani, na bei yake bado haishikiki. Anayeziuza kwa bei ya kutupa mtandaoni, mkimbieni.

Naleta hoja moja. Fungu la fulana za Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, lihamishiwe kwenye vipimajoto vidogo vya kutumbukiza mtungini, kimoja kwa kila familia ya sindano isiyo na friji. Tutaandamana na nguo tulizo nazo. Naomba ijadiliwe kabla ya chakula, maana tukishashiba hatutapata akidi.