Wahadhiri wa fizikia nao wafundishwe maabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa fizikia vyuoni. Kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi nchini Tanzania, unaotekelezwa kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, vyuo vikuu vyetu vya umma vinajengewa maabara na wahadhiri wanasomeshwa shahada za juu. Naushukuru mpango huo kwa dhati, lakini shahada ya uzamivu peke yake haimwandai mtu kuendesha maabara ya mwaka wa tatu, kwani aliyebobea katika nishati ya jua anaweza kupangiwa somo hilo bila kuwahi kugusa hata jaribio lake moja.

Chukulia jaribio la kupima umri wa myuoni, chembe zinazozaliwa pale miale itokayo anga za mbali inapogonga hewa. Halihitaji kinu cha nyuklia wala madini ya mnururisho, kwa kuwa chembe hizo hutudondokea usiku na mchana, takriban moja kila dakika katika kila sentimita ya mraba. Wastani wa umri wake ni maikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni za sekunde, na kitabu cha maelekezo hulimaliza suala hilo kwa kurasa chache. Lakini mwanga kidogo tu ukipenya ndani ya kigunduzi, yaani kifaa cha kuzinasa chembe hizo, ishara za uongo hufurika. Volteji ikizidi, kelele za umeme huhesabiwa kuwa chembe, na ikipungua, chembe za kweli hupotea. Isitoshe, data ya saa moja haitoshi: mtambo sharti uachwe ukihesabu usiku kucha au zaidi, jambo ambalo kwa umeme wetu linadai betri ya akiba. Haya mtu huyajua kwa kuyafanya, akiwa kando ya aliyekwisha kuyapitia.

Nchini Marekani, chama cha wafundishaji wa maabara hizi kiitwacho ALPhA, kilichoanzishwa mwaka 2007, huandaa mafunzo ya siku mbili au tatu ambapo wahadhiri wachache hukaa na jaribio moja tu, pamoja na mwenyeji anayelifundisha, hadi kila mmoja aweze kwenda kulisimika chuoni kwake.

Nasi tunaweza kufanya hivyo wakati wa likizo ndefu, chuo ambacho jaribio lake linafanya kazi kikawa mwenyeji wa vingine. Mafundi sanifu wa maabara wasiachwe nyuma. Kwa maoni yangu hao ndio wa kwanza kualikwa, maana mhadhiri akihamishwa wao ndio hubaki na mtambo. Gharama yake ni nauli na malazi, kiasi kidogo mbele ya bei ya kifaa kinachokaa ndani ya boksi kwa kukosa wa kukiwasha.

Naiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia isiruhusu mkataba wowote wa ununuzi wa vifaa vya maabara za vyuo kusainiwa kabla siku za mafunzo, na majina ya watakaofundishwa, hayajaandikwa ndani yake.

Mhadhiri wa fizikia,
Morogoro