Furu wetu wahifadhiwe hapa hapa Mwanza

Mhariri,

Anayetaka kuwaona furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, waliojaa Ghuba ya Mwanza kabla ya sangara kuenea inambidi afunge safari hadi Leiden, Uholanzi. Makumbusho ya Naturalis ndiyo yanayotunza chupani furu waliokusanywa hapa na watafiti wa Leiden, akiwamo Frans Witte, tangu miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980 sangara alikuwa ametawala, na kati ya aina zaidi ya 500 za furu wa ziwa hili, takriban 200 zinakadiriwa kutoweka. Baadhi zilipotea hata kabla ya kupewa jina la kisayansi.

Chupa zile si mapambo. Furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, alipungua mno, kisha akarudi. Alipopimwa na wenzake wa zamani waliomo chupani, ikaonekana matamvua yake yamekua, kwani maji yamepungukiwa oksijeni. Bila wale wa zamani jambo hilo lisingejulikana kamwe.

Ombi langu ni kwa shule zenye maabara na vyuo vya kandokando ya ziwa: anzeni kuhifadhi. Hakuna haja ya kuvua, furu hawakosekani ndani ya dagaa pale mwaloni.

Picha kwanza, samaki akiwa bado mbichi, ubavu wa kushoto juu, mapezi yamekunjuliwa, rula pembeni. Dume hutambulika kwa rangi, na rangi hiyo haidumu kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia. Majike wengi ni wa kijivu na wanafanana. Kisha kata kipande cha pezi la kulia ukiweke kwenye ethanoli ya 95%, maana fomalini huharibu vinasaba.

Hapo ndipo fomalini: sehemu 1 ya ile ya dukani kwa sehemu 9 za maji, na boraksi kidogo, la sivyo hugeuka tindikali ikala mifupa. Mtie samaki mkubwa mkato mdogo tumboni upande wa kulia, asioze ndani. Mlaze amenyooka, kwani akikakamaa amepinda hanyooki tena. Vaeni glovu na miwani, fanyeni kazi penye hewa. Mvuke wake ni hatari kweli. Baada ya wiki moja hadi mbili, mloweke kwenye maji siku mbili tatu ukiyabadilisha, ndipo aingie ethanoli ya 70%.

Karatasi ya maelezo ikae ndani ya chupa pamoja na samaki, si kwenye kifuniko, na iandikwe kwa penseli. Wino wa biki huyeyuka. Taja mwalo, kina, aina ya nyavu, tarehe. Kuandika “Ziwa Victoria” tu hakutoshi: mbipi, yaani furu wa kwenye miamba, wa mawe ya kisiwa kimoja huenda hayupo kabisa kisiwa cha jirani.

Na chupa zikaguliwe kwa haidromita, kipimo cha ukali wa ethanoli, kila baada ya miezi michache. Ethanoli hukimbia kabla ya maji, hivyo chupa inaweza kuonekana imejaa huku samaki anaoza.

Mdau wa samaki wa ziwani,
Nyegezi, Mwanza